Umekatika, au Umekatwa?

Sogeeni hapa mkekani. Anayetafuna na ameze, na mlango urudishieni. Sitaki kusikia hata kikohozi. Na mkiona taa inafifia nami nasema, kaeni vivyo hivyo, msiniulize.

Mkadam alikuwa mume wa dada yangu Biasha. Fundi wa fedha, mikono yake miepesi, akikaa Malindi nyuma ya bandari. Juu walilala, chini ndiyo karakana yake. Kazi alifundishwa na baba yake, kwa mkaa na mrija wa kupulizia moto. Kuunga bangili moja kulikula asubuhi nzima. Na kabla mkaa haujashika, yule mzee humuuliza aliyeleta kitu, hata awe nani: "Kimekatika, au kimekatwa?" Kilichokatika aliunga. Kilichokatwa alimrudishia mtu wake kwa mkono wa kulia, na sababu hasemi.

Mwaka wa sitini na tisa Mkadam akapata mashine. Kongwe, ya umeme, imetoka kwenye meli iliyovunjwa, nzito kama debe la maji. Ilikuwa na nyaya mbili nene, na mwisho wa kila waya kijiti cha makaa meusi. Unabana kitu baina ya vijiti viwili, unakanyaga kikanyagio chini, inanguruma, na fedha ya kuungia inayeyuka kama samli. Ukiondoa mguu, kishaungika. Kasoro yake moja tu: ikikanyagwa, taa za nyumba nzima hufifia.

"Wee Mkadam!" Biasha alikuwa akipiga kelele toka juu. "Leo nshatia chumvi kwenye chai kwa kiza chako!"

"Inywe hivyo hivyo, mke wangu. Na mie ntainywa."

Walicheka, lakini kicheko cha watu wenye hofu. Biasha alikuwa na mimba ya miezi minane. Wawili wa mwanzo walizaliwa hawana sauti, wakazikwa siku ile ile. Kwa huyu wa tatu hata kitambaa cha kumfungia hakununua. Alisema akinunua, atasikiwa na kilichowachukua wale wawili.

Ijumaa moja asubuhi akaingia mwanamke wa makamo, buibui lake limelowa maji upindoni, na mvua haijanyesha.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia marahaba. Alifungua kitambaa mezani. Ndani mlikuwa na mtali wa fedha, ule wa kuvaa mguuni, vipande viwili.

"Niungie."

Mkadam akavitazama. Ncha zake laini, zimenyooka, ukizikutanisha hata uzi haupiti. Fundi gani asiyefurahi? Mashine ile ilipenda ncha kama hizo. Akapaka unga mweupe wa kushikishia fedha, akaweka kipande cha fedha ya kuungia, akabana, akakanyaga. Taa zikafifia. Akaachia. Hata hakukaa kitako.

Lile suali la baba yake lilimjia ulimini wakati mtali unapoa. Akalimeza.

"Utakuja kuuchukua saa ngapi, bibi?"

"Mwenyewe atakuja kuchukua."

Akatoka. Pale sakafuni aliposimama palikuwa pakavu.

Mkadam akaenda kuoga, aende msikitini. Aliporudi baada ya sala, alimkuta Biasha kwenye ngazi, ameinua kanga, anautazama mguu wake wa kushoto.

"Mzuri, bwana. Nimeukuta mezani nikauvaa. Umenitengenezea na huniambii?"

"Uvue."

"Nauvua, hauvuki."

Mtali una mdomo, uwazi wa kupitishia mguu. Mkadam akapiga magoti, akautafuta kwa kidole. Akazunguka mara moja. Akazunguka tena.

Mdomo ulikuwa umefumba.

"Mkadam," Biasha akanong'ona. "Naona uchungu."

Akaitwa Bi Mwanakhamis, mkunga wa mtaa, shangazi yetu. Akaja na birika lake na maneno yake. "Haya, mwanamume, pisha! Umesimama kama nguzo ya—" Hapo akauona mguu. Akaugeuza mtali polepole, akaona pale palipoungwa.

"Nani kakuletea?"

"Simjui."

"Ulimuuliza?"

Mkadam akavitazama vijiti vya mashine.

"Huu ulikatwa," Bi Mwanakhamis akasema kwa sauti ya chini. "Kuna kitu kilifungwa humu, mtali ukakatwa ili kisirudi. Nawe umekipa njia. Mtoto hatoki mpaka huu utoke. Na aliyeunga ndiye afungue."

Wakamshusha Biasha karakanani, wakamlaza mkekani. Mkadam akachukua msumeno. Meno yakakatika. Akachukua tupa. Ikateleza kama juu ya kioo. Na kila tumbo likimkaza Biasha, taa ilififia. Ikang'aa. Ikafifia. Hakuna aliyekanyaga kitu.

"Mtoto ametulia," Bi Mwanakhamis akasema. "Ametulia sana."

Ikabaki njia moja. Kilichoungwa kwa moto huachia kwa moto. Mkadam akarovya kitambaa kwa maji, akakipenyeza chini ya mtali. Hakikutosha. Basi akaingiza vidole vyake viwili, baina ya fedha na mguu wa mkewe. Kwa mkono wa pili akabana vijiti.

"Usinitazame mimi," akamwambia Biasha. "Tazama dari."

Akakanyaga.

Mashine ikanguruma. Taa ikazimika kabisa. Kikaonekana kile kiungo peke yake, chekundu. Kisha cheupe. Harufu ya nyama ikaenea. Mkadam hakupiga kelele. Hakuondoa mguu. Moja. Mbili. Tatu.

Mtali ukaachia, kiungo na mdomo pamoja.

Na kizani mtoto akalia.

Taa ilipowaka, Bi Mwanakhamis alikuwa amempakata mtoto wa kike. Lakini hakuwa akimtazama mtoto. Alitazama kiganja chake. Ameshika waya wa mashine, ule wa kuchomeka ukutani, pamoja na kichwa chake cha kuchomekea.

"Mkadam," akanong'ona. "Hii mashine mie niliichomoa tangu taa zilipoanza kucheza."

Walitafuta vipande vya mtali sakafuni. Wakapata kimoja.

Basi. Mkadam aliishi na vidole vitatu mkono wa kushoto, na mpaka anakufa hakuunga kitu bila ya kuuliza. Mashine aliirithi mpwa wake Duni, yuko hapo mtaa wa Ng'ambo, ameifunika gunia. Mtoto ndiye Sichana, huyo mnayemwita shangazi. Yeye alirithi mzunguko mweupe, kama alama ya mtali, kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, aliozaliwa nao. Ndiyo maana hamumwoni na kiatu cha wazi.

Mimi nilirithi kipande cha mtali. Kimo kwenye sanduku hilo uliloegemea, mjukuu wangu. Cha pili mwenyewe alishakuja kuchukua.

Hichi bado.