Kaimati Zilizobaki Mezani

Mahali pa kupendana ni pengi duniani, lakini friza ya supamaketi ya Likoni, ile ya karibu na kivuko, haimo. Baridi inauma vidole, na Jumamosi alasiri watu wanasukumana utadhani vitu vinagawiwa bure. Hata hivyo hapo ndipo Basma, mtaalamu wa lishe, binti wa Timbwani, alipomwona kijana mrefu wa shati jeupe lililopigwa pasi sawasawa, akipanga pakiti za pasta iliyopikwa tayari. Mdomo wake ukamshinda kuufunga.

"Kaka, hizo zote wanunua?"

"Nauza, dada. Mamangu anapika, mimi nagandisha na kutia pakitini. Chukua moja, hutaisahau."

Basma akaigeuza pakiti. Yeye lebo huzisoma kama wanawake wenziwe wanavyosoma hali za WhatsApp. "Ala! Chumvi mumeandika ya nusu pakiti. Mafuta nayo ya nusu. Ati pakiti moja ni ya watu wawili! Nani hapa Likoni anakula nusu akamwachia mwenziwe?"

Kijana akacheka mpaka pakiti ikamponyoka. "Mimi nitaacha nusu, ikiwa mwenzangu ni wewe."

Haya, ungekuwa wewe usingecheka? Jina lake Luqman, wa Bofu. Wakapeana namba za simu palepale, mbele ya kuku waliogandishwa.

Miezi ikaenda kwa simu.

"Umekula nini, roho yangu?"

"Mchicha na samaki. Wewe?"

"Pasta ya mama."

"Tena? Pakiti nzima?"

"Nzima, daktari wangu. Na mama kala yake. Pakiti zilizopinda hataki zitupwe, na ile presha yake imempanda tena wiki hii."

Basma alikuwa hacheki tena. Pakiti nzima ilikuwa na chumvi inayopita kijiko cha chai, yaani inayomzidi mtu mzima mwenye afya kwa siku nzima, sembuse mgonjwa wa presha. Akajaribu kusema, Luqman akageuza maneno.

Ramadhani ikaingia. Siku moja kabla ya magharibi Luqman akaja Timbwani na sahani kubwa ya maua, imefunikwa kawa. Bi Alawiya, mamake, amempelekea Basma futari: pasta yake ya moto, na pakiti moja iliyogandishwa ya kuweka. Nyumba nzima ilijua maana yake: mkwe anabisha hodi.

Basma akafuturu nayo. Tamu, wallahi tamu, chizi inavutika, na usiku kucha akanywa maji. Kesho yake akakaanga kaimati, akazipaka shira, akaziweka mezani tayari kujaza sahani, maana pwani hii sahani ya watu hairudishwi tupu. Ndipo akaiona ile lebo ya pakiti. Akachukua kalamu nyekundu, akazungushia chumvi, akaandika pembeni: *Hii ni hatari kwa mama.* Akaibandua, akaitia kwenye sahani ili Luqman aione safari hii akifunua. Luqman akapiga honi nje, kaja kuchukua sahani, Basma akafunika kawa mbiombio, akatoka, akampa.

Akapitia dukani kwanza; aliporudi ndani, mamake alikuwa amesimama karibu na meza. "Basma, hizi kaimati za mkweo mbona zipo hapa?"

Basma akakimbilia simu ampigie Luqman. Simu ikalia kabla hajaishika.

"Basma, mama analia. Kafunua mbele ya mashangazi zangu. Sahani tupu!"

"Nimesahau, Luqman! Kaimati ziko mezani, zinapoa, njoo uzione!"

"Na kalamu nyekundu nayo uliisahau?"

"Hiyo hapana. Hiyo nilikusudia uione wewe."

"Chakula hicho ndicho kilichonilea."

"Na mimi namtaka aliyekipika aishi!"

Simu ikakatwa. Alipopiga tena haikushikwa, wala kesho yake, wala mtondo. Basma akalia, akaona aibu, akalia tena. Angeweza kutuma salamu kuwa yale ya chumvi aliyaandika kwa utani tu, yakaisha. Lakini hakuwa akitania, na kumpata Luqman kwa kumdanganya mamake hakutaka.

Akaingia jikoni. Akapika pasta kwa nyanya mbichi, thumu, pilipili manga na ndimu, akatia kunde ndani, chizi kidogo tu juu. Akavaa deira lake la zambarau na mtandio, akaenda Bofu mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bi Alawiya akajibu, uso kama mlango uliofungwa. "Na leo umekuja na kalamu?"

"Nimekuja na futari. Na kuomba radhi kwa sahani. Kwa chumvi siombi, mama. Luqman kaniambia presha yako. Niliogopa utaniacha kabla hata sijakuita mkwe."

Adhana ikaita. Bi Alawiya akala tende, akafunua kawa, akaonja kijiko kimoja.

"Haina chumvi."

Akaonja cha pili. Akaonja cha tatu, akavuta sahani karibu. "Lakini ndimu umeiweza, mshenzi we." Luqman, aliyekuwa kasimama mlangoni na kikoi chake, akageuza uso ukutani ili wasimwone anafuta macho.

Siku ya Idi gari mbili zikasimama Timbwani. Bi Alawiya akashuka na mashangazi, Luqman nyuma yao katika kanzu nyeupe, na sahani ya maua mikononi mwa mamake mwenyewe. Basma akaipokea, akafunua. Halua, udi, na katikati pakiti mpya ya pasta. Akaigeuza, hakuweza kujizuia. Chumvi ilikuwa nusu ya ile ya zamani, na safari hii waliandika ya pakiti nzima.

"Nimekuja kumposea mwanangu," akasema Bi Alawiya.

Basma akamwangalia Luqman, kisha mamake. "Na sahani hii, mama, niirudishe na nini?"

"Tia jibu, mwanangu. Tupu siipokei tena."

Basma akakimbilia jikoni. Alirudi na kaimati, zimejaa mpaka kawa lilikataa kufunika.