Oveni ya Bibi Orpha

Jioni ile nilitoka nyumbani kwenda kuazima tupa.

Ilikuwa saa kumi na moja, mwezi wa Novemba, na huku kwetu milimani West Virginia saa hiyo jua limeshazama nyuma ya mlima. Msimu wa kulungu ulikuwa umefunguliwa, kwa hiyo bunduki zilikuwa zikilia bonde zima tangu alfajiri na hakuna aliyegeuza shingo. Nilimwacha binti yangu Lacey kitandani, amejikunja, ameshika tumbo. Ana miaka tisa. Mwezi mmoja na nusu alikuwa hali kitu kikakaa, amepauka mpaka midomo, na usiku alikuwa akilia kwa sauti ndogo ili nisimsikie. Zahanati ilisema ni majonzi ya kufiwa na mama yake. Nikaambiwa nimpe maji mengi.

Mjomba Denver alinipa tupa bila kuniuliza ya nini. Halafu akauliza.

"Nataka kusaga pete ya Trina," nikamwambia.

Trina alikuwa mke wangu. Pete yake ilikuwa ya fedha, maana siku tulipooana dhahabu haikuwa saizi ya mfuko wangu. Denver akazima televisheni. Yeye ndiye aliyenieleza dawa ile wiki moja kabla, kama alivyoisikia kwa mama yake. Unamchora mchawi kwenye karatasi. Unaibandika karatasi kwenye mti. Unaipiga kwa risasi yenye fedha, na pale risasi itakapompata kwenye picha, ndipo atakapoumia yeye mwenyewe huko aliko. Baada ya hapo atakuja mlangoni kwako mara tatu kuazima kitu. Ukimpa chochote, hata punje ya chumvi, amepona na balaa linakurudia wewe. Usipompa, ama amwachie mgonjwa wako, ama afe.

"Fedha haiyeyuki kwenye kijungu chako kile," Denver akasema.

"Siyeyushi. Naichanganya na rangi."

Hapo alicheka kidogo, maana risasi zangu alizizoea kuzitania. Huwa anasema nazipaka rangi kama kucha za bibi harusi. Mimi hujitengenezea risasi mwenyewe, kwani za dukani ni za watu wenye mishahara miwili, na sisi nyama yetu ya mwaka mzima ni kulungu. Nayeyusha vile vyuma laini vya kusawazishia magurudumu ya gari, namimina kwenye kalibu, halafu risasi nazitia kwenye kopo la plastiki pamoja na unga wa rangi na kulitikisa mpaka mkono uchoke. Kisha zinaingia kwenye oveni ndogo ya mezani, dakika ishirini. Zinatoka na ganda jekundu linalong'aa, na mtutu wa bunduki hauchafuki.

Kila anayefanya kazi hii anajua sheria moja. Oveni iliyookea risasi haipashi chakula tena maisha yake yote, na unaiandika hivyo mlangoni kwa herufi kubwa. Yangu sikuiandika, na nitasema kwa nini, ingawa naona aibu.

Oveni ile haikuwa yangu. Trina alipofariki, aliileta Bibi Orpha Stiltner, kikongwe anayeishi peke yake juu kabisa ya bonde. Alishuka nayo mwenyewe kwa miguu, akaiweka jikoni. Alisema ni ya mtoto, apashe mkate wake wa mahindi akitoka shule wakati mimi niko mgodini, asije akawasha gesi akaungua. Akakaa na Lacey mchana mzima akimwonyesha vitufe. Mwaka mmoja baadaye oveni yangu ya risasi ikafa, nami nikaichukua ile kwenda kibandani. Nilijiambia ni kwa wiki moja. Baridi ilipoanza nikaihamishia baraza ya nyuma iliyozibwa kwa mbao, penye umeme na joto. Ningeiandika mlangoni, Bibi Orpha angeiona na kujua nimemnyang'anya mtoto kitu chake. Basi nikaiacha hivyo hivyo.

Oktoba alikuja kuulizia. "Oveni ya mtoto iko wapi, Estil?"

Nikamwambia iliungua nikaitupa. Aliniangalia, akavuta pumzi kwa pua kama anayenusa. Halafu akamshika Lacey kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga. "Mtoto huyu ana kitu ndani yake," akasema, akaondoka.

Wiki ile ile Lacey akaanza kutapika.

Sasa niambie, mtu mwenye mtoto mmoja tu duniani angefikiria nini? Bibi Orpha alijulikana bonde zima. Alikuwa anazuia damu kwa kusoma mstari wa Biblia, anatoa moto kwenye kidonda cha kuungua kwa kupuliza. Mwenye uwezo wa kutoa ana uwezo wa kutia pia. Ndivyo nilivyojiambia, na kadiri Lacey alivyozidi kukonda ndivyo nilivyozidi kuamini.

Niliisaga pete jioni ile ile, kwenye baraza ya nyuma. Iliisha upesi, ilikuwa nyembamba. Nikachanganya vumbi lake na rangi nyekundu, nikatikisa kopo, nikaiweka risasi moja peke yake ndani ya oveni. Harufu ya rangi ya moto ikajaa nyumba. Lacey akakohoa chumbani. Nikasimama pale dakika ishirini nikilia bila kujificha, maana pete ile ndiyo kitu pekee cha Trina nilichokuwa nimebaki nacho.

Kesho yake alfajiri nilimchora Bibi Orpha, nikaibandika picha kwenye mti nyuma ya kibanda. Sikutaka kuua. Nililenga mkono wa kushoto.

Mlio wangu ulipotelea kwenye milio ya wengine.

Siku hiyo Lacey alikunywa supu ya kuku, na supu ikakaa. Nilishukuru mpaka magoti yakauma. Giza lilipoanza kuingia, nikasikia hatua kwenye ngazi za mbele.

Polepole… moja… halafu nyingine.

Bibi Orpha alikuwa amesimama nje ya mlango wa wavu, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Aliomba kikombe cha chumvi. Huku kwetu hakuna anayemnyima jirani chumvi, hata yule mliyegombana naye mahakamani. Nikamwambia sina. Akatazama juu ya bega langu, ndani, kuelekea chumba cha mtoto.

"Amekula nini leo?"

"Nenda nyumbani, bibi."

"Nakuuliza anakula nini, mwanangu. Na anakipashia wapi."

Nikamfungia mlango usoni. Nilijua sasa kwamba Denver hakunidanganya.

Jioni ya pili alichukua muda mrefu zaidi kupanda zile ngazi tano. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Aliomba kitambaa safi, kile chake kilikuwa kimechakaa. Akakifungua nione.

Kiganjani kulikuwa na tundu. Hakukuwa na damu. Kingo zake zilikuwa nyekundu, nyekundu ya kung'aa, na ndani ya ule wekundu kulikuwa na chembe zinazometameta. Nikasikia harufu ya rangi ya moto, pale pale kibarazani, penye baridi.

"Nimezuia damu za watu miaka hamsini," akasema kwa sauti ya chini. "Hii haina damu ya kuzuia. Unajua ni nini, Estil?"

Nilijua. Mungu anisamehe, nilijua. Nilikuwa na kabati zima la vitambaa. Nyuma yangu nikamsikia Lacey akiniita, na sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko ilivyokuwa wiki nzima, nikamwambia bibi sina kitambaa.

Akakifunga tena kitambaa chake kilichochakaa. Hakunilaani. Ningependa kusema alinilaani.

Siku ya tatu Lacey alikuwa na njaa kidogo. Nikamwachia mkate wa mahindi mezani, nikaenda kupasua kuni. Jioni nilifunga milango yote miwili, nikaegemea ule wa mbele kwa mgongo, nikangoja. Mara hii sikusikia hatua.

Nilisikia kubisha tu. Mara tatu, chini, usawa wa goti langu.

Halafu harufu ikaja. Oveni haikuwa imewashwa, nilikuwa nimeichomoa mwenyewe. Lakini harufu ya rangi iliyoiva ilipita chini ya mlango, ikanijaa kooni.

"Estil…"

Nikakaza mgongo kwenye mlango.

"Sitaki chumvi. Sitaki kitambaa. Nipe oveni ya mtoto."

Nikaziba masikio. Sauti ikabaki vile vile, haikupungua.

"Itoe ndani ya nyumba, mwanangu. Niazime hata kwa usiku mmoja."

"Sina cha kukuazima," nikasema.

Kisha nikasikia kitu kikiburuzwa kwenye ubao wa kibaraza, kikizunguka kuelekea ubavuni mwa nyumba. Nikamsikia Lacey akiongea chumbani kwake, kwa upole, kama anavyoongea na paka. Nilipofika alikuwa peke yake. Dirisha lilikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono.

Simu ikalia. Ilikuwa Denver.

"Wamemkuta Orpha njiani," akasema. "Nusu ya mlima, anakuja upande wako. Amekauka, Estil. Wanasema amekufa tangu mchana."

Nilikuwa bado nimeshika simu Lacey alipoanguka. Macho yaligeuka, mwili ukakakamaa, meno yakagongana. Nilimbeba mpaka garini na sikungoja gari la wagonjwa. Njia nzima nilikuwa nikimwambia Bibi Orpha amwachie, mimi niko hapa, anichukue mimi. Sikujali kwamba amekufa. Niliongea naye kama yuko kiti cha nyuma.

Hospitalini walimtoa damu. Saa mbili baadaye alikuja daktari mwanamke, kijana, akaniketisha kwenye kiti. Akasema damu ya mwanangu imejaa madini ya risasi. Akauliza kama nyumba ina rangi ya zamani, mabomba ya zamani. Akauliza kama kuna mtu anayeyeyusha chochote.

Nikamwambia. Nilisema yote, isipokuwa picha na mti.

"Na hiyo oveni, mtoto hufika ilipo?"

Nikasema hapana. Lacey akafungua macho. Alikuwa na mipira ya dawa mikono yote miwili.

"Napashia mkate wangu," akanong'ona. "Ukiwa kazini. Ni oveni yangu, baba. Bibi Orpha alinionyesha vitufe."

Siku zote zile. Kila alipotoka shule. Na leo pia, nilipokuwa napasua kuni, alikuwa ameichomeka tena. Mezani nilikuwa nimemwekea mkate kwa mkono wangu mwenyewe.

Yule kikongwe aliinusa tangu Oktoba. Aliona usoni mwa mwanangu kitu ambacho zahanati haikukiona. Alishuka mlima mara tatu akiwa na tundu langu kiganjani, na kila mara aliuliza habari za mtoto. Mimi nilimnyima chumvi.

Lacey anapona. Inakwenda polepole, daktari anasema damu itasafika kwa miezi. Anakula. Hilo nalishika kila asubuhi ninapoamka, maana mengine yote sina pa kuyashika. Daktari ameyaeleza ya mtoto. Ya kiganja cha Orpha hakuna aliyeyaeleza. Mchunguzi wa vifo aliandika moyo, uzee, na baridi.

Siku tuliporudi nyumbani nilitafuta glavu zangu ili nikaifukie ile oveni, ya kushoto haikuwepo. Nikamuuliza Lacey.

"Nilimwazima Bibi Orpha," akasema.

Nikamuuliza lini, ingawa nilishajua.

"Alipokuja dirishani. Alisema mkono wake una baridi. Wewe ulikuwa unaongea mlangoni." Akaniangalia kwa wasiwasi. "Alisema ataileta."

Nilimpigia Denver. Nikamuuliza inakuwaje mchawi akiazimwa kitu akiwa ameshakufa. Nikamuuliza inakuwaje kama hakuwa mchawi. Akasema mama yake hakumfundisha hilo, akakata simu.

Ilianza Jumapili. Kiganja cha kushoto, katikati, kipele chekundu. Nikakisugua kwa mafuta ya taa, hakikutoka. Sasa kimefunguka. Hakitoi damu. Nikikisogeza karibu na taa kinametameta, na ninaijua fedha ile, niliisaga mwenyewe.

Sijamwonyesha daktari. Denver amesema niende kwa jirani yeyote niazime chochote, huenda ikasaidia. Nilifika mpaka ngazi za mtu, nikarudi. Ningeomba nini? Lacey analala usingizi mzima bila kulia, na kama hiki ndicho kinacholipa, basi kiendelee.

Oveni nimeifukia mbali, nyuma ya mlima. Lakini ikifika saa kumi na moja navuta kiti, nakaa karibu na mlango wa mbele, mkono nimeuweka juu ya goti. Nimeacha mlango wazi. Juu ya meza nimemwekea Bibi Orpha kikombe cha chumvi na kitambaa safi.

Jana harufu ya rangi ilifika mpaka ngazi ya tatu.