Moto Uliotulia

Moto ulitulia, na hilo ndilo lililomtia Fundi wasiwasi. Miaka sita yeye na mkewe, Mtafiti, walikuwa wakiwasha gesi ndani ya bomba nene la kioo, wakiuzuia moto wake kwa sumaku kubwa usiguse kuta, na kila mara ulitikisika ukafa kufumba na kufumbua. Asubuhi ile uliwaka dakika nzima, wa zambarau, bila moshi.

Mtafiti alicheka kwa furaha. Fundi hakucheka. Chumba kilinuka nywele zilizoungua, na spika ya mitambo, iliyozoea kukoroma tu, ilikuwa ikivuta pumzi.

Akagundua jambo. Mkewe akisogea mbali na kioo, moto unayumba, akirudi, unatulia. Akamsihi atoke nje. Mtafiti akamwambia asimletee ushirikina kazini, hesabu zake ndizo zimekubali hatimaye. Hesabu gani, jamani! Mwanamke alikuwa ameegemeza uso kwenye kioo, na upande wa pili moto umejikunja ukawa uso uleule, pua kwa pua.

"Mke wangu, usimtazame," Fundi alinong'ona.

"Ananijua," alijibu polepole.

Sheria ya maabara ile hata mfagizi aliijua: zima moto kwanza, sumaku baadaye. Lakini Fundi, ambaye aliona kucha za mkewe zikianza kung'aa zambarau, alijiambia kwamba bila sumaku hakuna moto unaoishi, kwamba akiikata, kiumbe huyo wa moto atakufa, kwamba atarudi nyumbani na mkewe mzima kama walivyokuja, akaikimbilia swichi ya sumaku akaivuta chini kwa mikono miwili.

Kioo kililia mara moja. Moto ukatoweka. Mtafiti akamwangukia kifuani, anapumua, na Fundi akalia machozi ya shukrani.

Alipomlaza sakafuni ndipo alipokiona kipimo cha mkononi cha nguvu za sumaku. Swichi iko chini, umeme haupo, nacho kinasoma vilevile. Akakishika, akarudi nyuma hatua tatu: namba zikashuka. Akamsogelea mkewe: zikapanda. Maskini, alidhani amemnyima kiumbe yule chakula, kumbe amemfungulia zizi.

"Mume wangu," ikasema sauti ya mkewe, macho bado yamefumbwa, "mbona unanikimbia? Miaka sita ulikuwa hutaki nitoke."