Volkano Haiendi Umuganda

Hakuna uovu uwezao kufanyika Mbugangari bila pua ya Gatete kuunusa kwanza. Ndivyo alivyojisifu kila siku kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, kati ya mafuko ya chaja mbovu ambayo Narcisse, jirani wa dada yake, alikuja kuyachukua bure. Mizaha ilimtoka kama chafya, na kama chafya, hakuikumbuka.

Alhamisi dada yake Uwase alizaa mtoto mwenye mdomo wa juu uliopasuka hadi puani. Ijumaa mama mkwe wa Uwase, Mukandori, alishapata mkosaji: Nyirahabimana, mjane muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, aliyepanga chumba uani mwake.

"Alimulisha samaki ya Goma yenye sumu! Jumapili anatoka hapa na watoto wake. Asipotoka, vijana watamutoa."

Gatete akaanza na mshukiwa.

"Mama, ile sambaza na we ulikula?"

"Sahani moja na Uwase, mikono inagongana. Kama ni sumu, mbona mi niko na meno yote?"

"Yote? Naona moja ilishakimbia."

"Usinichekeshe, Gatete. Jumapili watoto wangu watalala wapi?"

Gatete akashika njia ya zahanati.

Huko muuguzi Claudette alitikisa kichwa. "Samaki haipasui mdomo. Mdomo wa mtoto unafungika miezi miwili ya kwanza ya mimba. Wakati ule, kwao kulikuwa na moshi?"

"Moshi ya volkano tu. Sisi wote tunaivuta."

"Bon. Siwezi kuapa kwamba ni moshi. Lakini moshi mchafu inaongeza hatari. Ya plastiki, ndiyo mbaya zaidi."

Moshi huo nani asiyeujua? Kila asubuhi ulipaka masizi nguo zilizoanikwa, na watu wakaunyooshea kidole mlima Nyiragongo. Gatete akarudi kwa dada yake.

"Tangu uolewe, nguo zinakauka nyeupe siku gani?"

Uwase alifikiri, mtoto kifuani. "Jumamosi ya umuganda tu. Siku ile ndiyo nafua mashuka."

"Siku ya kazi ya mtaa, watu wote wako kwenye mitaro na majembe?"

"Eeh."

"Donc volkano nayo inaenda umuganda? Jembe inabebea wapi?"

Alizunguka ua wa Mukandori. Migomba ya kando ya uzio ilikuwa nyeusi upande mmoja tu, ule uliotazama kwa Narcisse; mlima ungeipaka yote. Akachungulia ng'ambo, kisha akaruka. Majivu yalikuwa bado ya moto, na ndani yake nyuzi za shaba zilimeta. Kando palikuwa na kichwa cha chaja kilichoyeyuka nusu. Gatete alikitazama, kisha akakisukuma kwa kiatu kikazama majivuni, akabeba nyuzi tu.

Jumapili baada ya misa, ua ulijaa. Magodoro ya Nyirahabimana yalikuwa yamefungwa tayari kwa kamba. Gatete, mtoto wa dada yake mikononi, alieleza yote: nguo, umuganda, migomba. Mwisho akamwaga zile nyuzi miguuni pa Narcisse.

"Nachoma nyaya nipate shaba," Narcisse alikiri. "Watoto wangu watakula nini? Sikujua kama Uwase iko na mimba. Kisha wote mulisema ni volkano. Nikanyamaza."

"Mutu muzima, unajificha nyuma ya mlima!" Gatete alinguruma. "Nani alikufundisha ujanja hiyo?"

Mukandori akaanza kufungua kamba za magodoro. Aliyejibu ni Nyirahabimana.

"Gatete, umenisaidia, Mungu akubariki. Lakini uongo sitaubeba. Siku Narcisse anachukua fuko yako ya kwanza ya chaja, mi nilikuwa pale kibandani. Alikuuliza: nikichoma hizi, watu watasemaje? We ulimujibu nini?"

Gatete alitazama zile nyuzi miguuni pa Narcisse. Nyirahabimana akamjibia mwenyewe:

"'Choma tu, muzee. Watasema ni volkano.' Tukacheka, sisi watatu."

Uwase alinyoosha mikono, akamchukua mtoto wake kutoka kwa mjomba.