Kibanio Namba Kumi na Mbili

Nyumba ya Mama Emérance pale Shituru ilikuwa na harufu zake, na yeye alizijua zote kwa majina kama mwalimu anavyojua watoto wa darasa lake. Asubuhi asidi ya usine, kile kiwanda cha shaba; makaa saa sita, samaki wa chumvi siku ya Ijumaa, na soksi za mume wake Georges siku zote. Kwa hiyo ile Jumanne, alipoingia sebuleni akakutana na harufu ya mafuta ya nyonyo, alisimama na ndoo mkononi. Mafuta ya nyonyo! Tangu masista walipomnywesha kijiko cha mwisho cha kutoa minyoo, akiwa na miaka tisa, alikuwa ameapa chupa ya uchafu ule haitavuka mlango wake.

"Baba Clémentine, weye iko unaharisha?"

"Minye? Hapana."

"Basi nani analeta mafuta ya nyonyo mu nyumba yangu?"

Georges hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia ndege yake. "Moteri ya hii avion njo inakunywaka ile mafuta, na alkoli. Lakini sijanunua bado. Tanki iko mukavu tangu zamani."

Ndege hiyo afadhali tuiseme mara moja, tumalize aibu. Mzee wa miaka sitini na nane, fundi umeme wa usine, baba wa watoto sita, anacheza ndege. Walipobomoa klabu ya zamani ya wazungu, wenzake walibeba mabati na milango. Yeye alitoa kwenye dari ndege ndogo ya mti, ya kuchezea, mabawa yake marefu kama mikono ya mtu aliyenyoosha, moteri imeganda, bawa la kushoto limevunjika. Pamoja nayo sanduku la chuma lenye vijiti viwili na antena, la kuiongozea ukiwa chini. Wenzake leo wanafunga ile milango kila jioni. Yeye afunge nini?

Miezi minne! Alifungua moteri mpaka ikazunguka tena, akachonga mbavu mpya kwa mti mwepesi kama mkate mkavu, akazigandisha kwa gundi ya kole, akazipiga msasa mpaka vumbi likaingia mu bukari, ugali wa Emérance. Bawa lilitaka kuvikwa hariri. Akachukua kitambaa cha kichwa cha Emérance, kile cha ndoa ya Clémentine, binti yao mkubwa, akakikata bila kuuliza, akakipaka vernisi mpaka kikakazika kama ngozi ya ngoma.

"Hii ilikuwaka avion ya michezo ya hewani," alisema. "Inapinduka, inazunguka, inaruka tumbo juu."

"Hata mende inalalaka tumbo juu," alisema Emérance. "Siku ya kufa."

Aliyejua mwenye ndege alikuwa Léon, rafiki wa Georges kutoka usine, mzee mwenye mdomo usiofungwa. Ujanani alikuwa akienda kuangalia wazungu wakirusha ndege zao.

"Ilikuwaka ya Bwana Adrien, injeniya," alieleza, akila karanga za wenyewe. "Siku ya mungu moja, kule plaine d'aviation, kiwanja cha ndege, avion iko juu, yeye anaanguka mu majani na sanduku mu mikono. Moyo! Tunafika, amekwisha kufa. Na avion, Mama Clémentine, ikazunguka mara mbili, ikashuka polepole, muzuri kabisa, ikasimama pembeni ya miguu yake. Balikamata kila kitu vile kilikuwa, balipandisha mu dari. Hakuna mwenye alitaka kugusa."

"Muzungu anakufa, avion inajishusha," alisema Emérance. "Na minye nikikufa, bukari itajisonga?"

Katika takataka zile zote kitu kimoja tu kilimpendeza: kibanio cha nguo. Kilikuwa kimebana antena ya sanduku, cha mti mgumu, kimepakwa rangi nyekundu, kimeandikwa 12. Si kama vile vya plastiki vya sokoni vinavyovunjika ukivitazama tu. Alikitoa bila kuuliza, kwani nani aliulizwa habari ya kitambaa? Alhamisi akafua, akaanika shati la bluu la Georges, akalibana kwa ukosi.

Ijumaa Georges alivaa lile shati. Saa sita, baada ya kula, akalala kwenye kiti kama kawaida yake, mdomo wazi, mikono juu ya mapaja. Emérance alikuwa akiondoa sahani aliposikia zzz, zzz, kama mbu ndani ya chupa, akatafuta mbu, hakumwona, akaona ndege juu ya meza, isiyo na betri hata moja ndani yake, ikitikisa kipande cha nyuma cha bawa, juu, chini, juu, naye akasema moyoni ni upepo, lakini pazia halikutikisika, akageuka kumwamsha yule mzee mvivu, na hapo akaona vidole gumba vyake viwili juu ya mapaja vikisukuma vijiti visivyokuwepo, na kila gumba la kushoto lilipokwenda mbele mkia wa ndege uliinama, na kila gumba la kuume lilipokwenda kando bawa lile la hariri yake liliitika, na harufu ya mafuta ya nyonyo ikatoka ndani ya mdomo wa mume wake kama pumzi.

Sahani ilivunjika. Georges akafumbua macho.

"Juu ya nini unavunja bintu?" aliuliza. Sauti ilikuwa yake, ila alisimama kwa kuinamia upande mmoja, akakata kona ya meza kama ndege inavyokata kona, bega moja chini, bega moja juu.

Kibanio kilikuwa bado kwenye ukosi. Emérance akakitoa, akakitupa kwenye kikapu cha vibanio. Jioni kilikuwa kimerudi nyuma ya shingo ya Georges. Akakitoa tena, akakifungia ndani ya kopo la maziwa. Asubuhi Georges alikuwa uani, amenyoosha mikono miwili, anazunguka pole pole, na kibanio kimemuuma shingoni mpaka ngozi imekuwa nyeusi. Chupa ya mafuta ya nyonyo, ambayo alikuwa ameinunua juzi kwa ajili ya moteri, ilikuwa tupu miguuni pake. Alikuwa ameinywa yote. Na hakuharisha! Hilo ndilo lililomtisha Emérance kuliko yote.

Majirani walimleta mchungaji Divin, kijana wa koti la rangi ya bilinganya, mwenye sauti ya kuuza sabuni. Alipiga kelele nusu saa, akaisogelea ndege, akaiamuru. Panga la mbele la ndege likazunguka mara moja tu, tanki likiwa kavu, likakata tai yake chini ya fundo, safi kama mkasi. Mchungaji akakumbuka ana mkutano Kakanda.

"Pepo ikimuona muntu bure, inamujua," alisema Emérance, akifagia kipande cha tai.

Lakini saa ileile alimtuma Léon kwenda Kapolowe kumwita Mama Tina. Tangu jana jioni Georges alikuwa ameacha kula bukari. Alikuwa anakonda, anakuwa mwepesi, na alipokaa kitini miguu yake haikukanyaga vizuri sakafu.

Mama Tina, mganga, alikuwa mwanamke mdogo wa maneno machache, jambo ambalo Emérance aliliheshimu bila kupenda. Alimnusa Georges, akatazama shingo yake.

"Hiki kibanio kilitoka wapi?"

"Ku antena," alisema Emérance. "Niliona ni kizuri. Nikaanikia shati."

Léon akaweka karanga chini. "Mama! Ile haikuwaka ya nguo!" Akaanza kunong'ona. "Kule ku plaine kulikuwa ubao. Kila njia ya redio mu hewa iko na namba yake, kila namba iko na kibanio kimoja. Unataka kurusha, unakamata kibanio ku ubao, unabana ku antena yako. Bila kibanio hauwashe sanduku, juu bawili bakikutana mu namba moja, avion inaanguka. Ukimaliza, unarudisha. Njo ilikuwa sheria. Mwenye kibanio njo mwenye zamu."

Mama Tina akatikisa kichwa. "Bwana Adrien alikufa na kibanio. Hajarudisha. Zamu yake haijaisha. Alikuwa anangoja tu, na mama akatoa kibanio ku chuma, akabana ku muntu."

Emérance alimtazama mume wake, bega moja chini, bega moja juu.

"Sasa iko anamurusha baba Clémentine," alisema polepole.

"Na mafuta ikiisha," alisema Mama Tina, "atamushusha mara moja tu, na hatainuka tena. Kesho muende. Kibanio kirudi ku antena, avion ipande, amalize zamu yake. Ikishuka, weye mwenye ulikitoa njo utarudisha ku ubao. Ubao wa zamani hauko tena; kamata wa nyumba yako, uubakishe kule. Na usimuongeleshe. Mufu haongeleshwi kama jirani."

"Nimuongeleshe nini? Muntu asiye na kazi."

Jumapili baada ya misa wakaenda plaine d'aviation, wanne. Emérance alikuwa amebeba ubao wake wa kukatia mboga, ameandika 12 kwa makaa. Léon aliupigilia kwenye kigingi, akatia betri na mafuta ya chupa mpya, akaamsha moteri. Georges alishika sanduku. Kibanio, kilipotoka shingoni na kubana antena, kililia kama meno yanayosagana.

Ndege ikakimbia katika majani mafupi, ikapanda. Emérance hakutaka kuangalia, akaangalia. Ilichora duara kubwa mbinguni, ikaviringika, ikapita juu ya vichwa vyao tumbo juu, na kitambaa chake cha ndoa kiling'aa kwenye jua kuliko kilivyowahi kung'aa juu ya kichwa chake. Alikasirika zaidi. Maana vidole gumba vya Georges vilicheza juu ya vijiti kwa ustadi ambao yule mzee hakuwa nao hata wa kufunga viatu, na ndege ilipopinduka macho yake yalipinduka yakawa meupe, na ilipochimba chini magoti yake yalilegea, na ilipopanda visigino vyake viliacha ardhi, kidogo tu, upana wa kidole, lakini viliiacha, na Emérance akamshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili kama mtu anayezuia bati katika dhoruba.

Halafu moteri ikakohoa, ikazima. Mafuta yameisha.

Na pumzi ya Georges ikazima pamoja nayo.

Ndege ikashuka bila sauti. Emérance aliweka sikio kifuani kwa mume wake: kimya. Midomo yake ikawa ya rangi ya majivu. "Shuka," alinong'ona, "shuka, mwana wa mbwa." Ikakata kona, ikanyoosha, ikaelea juu ya majani kama mtu anayechagua pa kukaa, na magurudumu yakagusa chini. Alinyakua kibanio, akakimbia kwa miguu yake yenye baridi yabisi, akabana ubaoni.

Nyuma yake Georges alivuta pumzi ndefu, akaanguka kwa magoti, akatapika mafuta ya nyonyo chupa nzima.

"Mama Clémentine," alisema. "Njaa."

Mwenye akili angefunga mdomo. Lakini hofu ilikuwa imemshika Emérance siku tatu, na hofu ikimtoka mtu inatoka na maneno. Aliutazama ubao, mikono kiunoni.

"Bwana Adrien! Kama iko na mikono mizuri hivi, juu ya nini haukuya kunisongea bukari? Kucheza tu, mpaka mu kaburi!"

Mama Tina akafunika mdomo kwa kitenge. "Mama, nilikuambia nini?"

"Sikumuongelesha. Nilimutukana."

Waliuacha ubao pale, na ndege, na sanduku. Nyumbani, jua likiwa bado juu ya bati, Emérance akateleka maji, akatia unga, akatoka uani mara moja kuchuma pilipili. Aliporudi alikuta harufu ya mafuta ya nyonyo mlangoni, akasimama.

Mwiko ulikuwa ndani ya sufuria, peke yake. Ulikwenda kushoto, ukaenda kuume, ukakata kona pole pole, ukaupindua unga wote mara moja, tumbo juu.

Bukari ilitoka laini, bila hata donge moja. Georges alikula sahani mbili, akalamba vidole.

"Tangu tuoane," alisema, "haujasonga muzuri hivi."

Kule jikoni mwiko uligonga ukingo wa sufuria mara mbili, kama mtu anayeuliza kama kuna kazi nyingine.