Sauti Nyuma ya Mutai

Jua la Novemba 1998 lilikuwa limeshazama nyuma ya shamba la mzee Solomon, nje ya mji wa Gaithersburg, Marekani, Mutai alipofyatua risasi yake ya kwanza. Kulungu akaanguka, akainuka, akaingia kichakani akichechemea.

"Ngoja bana! Nitoe risasi kwanza!" Mutai akasema.

Nani wa kungoja? Rafiki yake Sheikhan alishachomoa kisu. Mtu wa Mombasa huyo, Ramadhani inabisha hodi, na yeye anataka friza ijae nyama.

"Akifa sijamchinja, mie sili!" akajibu huku anakimbia, kofia yake nyeupe kichwani, kizibao cha rangi ya chungwa kikimpepea mgongoni.

Ile kofia walikuwa wameshabishana juu yake kwenye gari. Mutai alisomea uwindaji, na mwalimu aliwaambia: msituni usivae cheupe, maana mkia wa kulungu kwa chini ni mweupe. Tena usipige rangi, piga mnyama uliyemwona mzima. Sheikhan alimcheka tu. Kizibao hiki kinawaka hivi, alisema, nani asinione?

Giza likawa linashuka. Mutai alibaki amesimama na bunduki, risasi ya pili bado imo ndani. Mbele yake kichaka kikatikisika...

Cheupe.

Kikapotea. Kikatokea tena.

"Piga," sauti ya Sheikhan ikanong'ona nyuma ya sikio lake, ikihema. "Nimerudi, niko hapa nyuma yako. Anatoroka. Piga!"

Mutai akapiga.

Kilicholia hakikuwa mnyama.

Akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya damu iliyolala, kama bucha ambayo haijaoshwa.

"Sheikhan!"

"Niko hapa," ikajibu kutoka kulia, kwa furaha.

Akaitupa bunduki, akakimbilia kulia. Miti mitupu.

"Sheikhan, uko wapi?"

"Niko hapa." Kushoto sasa. Kisha nyuma yake tena, karibu na bega. "Niko hapa, Mutai. Njoo..."

Mutai akalia. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, akijikwaa kwenye mizizi, akijichana uso kwa miiba. Rafiki yake alikuwa anavuja damu mahali fulani gizani, na kila alipoifuata sauti ile alizidi kumpoteza. Ee Mungu, nimemuua. Nimemuua Sheikhan.

Hapo likamjia wazo.

"Sema ile dua yako ya kuchinja!" akapiga kelele. "Isome, ndugu yangu! Tafadhali!"

Kimya. Hata upepo ulinyamaza.

Halafu, mbali, chini kabisa, kwa sauti iliyoishiwa nguvu: "Bismillahi..."

Alimkuta amelala kando ya kulungu, kofia nyeupe bado kichwani, paja limechanika, sweta nyeusi tu mwilini. Kizibao kilikuwa kimetundikwa kwenye tawi. Mutai akalifunga lile paja kwa mshipi wake, akambeba mgongoni hadi nyumbani kwa mzee Solomon.

Mzee alipiga simu, ambulensi ikaitwa. Kisha akamuuliza Mutai, bila kumtazama usoni:

"Ilikujibu kwa sauti yake?"

Mutai akageuka kuutazama msitu.

"Mimi ilinijibu kwa sauti ya kaka yangu," mzee akasema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Hospitalini, madaktari walisema Sheikhan ataishi. Alikuwa amelazwa usingizi wa dawa. Mkewe, Fathiya, aliketi ameinamisha paji la uso juu ya mkono wa mumewe.

"Shemeji," akasema bila kuinua kichwa, "kabla hajalala kaniambia neno. Asema wewe ndiwe uliyempigia kelele avue kizibao, eti kulungu anamwogopa. Akavua, ukampiga." Mabega yake yakaanza kutikisika. "Niambie si kweli. Sema tu, nami nitakuamini."

Mutai hakuwahi kusema maneno hayo. Alitaka kuapa kwa Mungu wake na kwa mama yake mzazi. Akafungua mdomo aape.

Na kutoka nyuma yake, upande wa pili wa pazia, sauti ya Mutai ikasema kwa upole:

"Ni kweli, shemeji. Mimi ndiye niliyemwambia."