Jua Halitazamwi kwa Miwani ya Fundi

Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Alianza kuongea kabla hajanawa uso, na hakunyamaza mpaka usingizi umchukue. Mama yake alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi. "Huyu mtoto akikosa wa kuongea naye," mama alizoea kusema, "ataongea na sufuria."

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomea vyuma. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba. Kila jioni Chiriku alikaa mlangoni akimsimulia mambo ya shule. Fundi alikata vyuma huku akiitikia "enhe" na "kumbe".

Siku jua lilipopatwa, mtaa mzima ulitoka nje. Wengine walitazama kupitia vioo vilivyopakwa masizi, wengine kupitia picha za eksirei. Fundi alichukua miwani yake ya kukatia chuma kwa gesi.

"Itafaa?" alimwuliza mkewe.

Mama aliishika, akaigeuza. "Ni nyeusi sana. Itafaa."

Fundi akamvalisha binti yake. Chiriku akatazama jua likiliwa kidogo kidogo, akawasimulia wenzake waliokuwa wakigombania miwani, wala hakuivua mpaka mwisho. Hakulalamika. Hakusikia maumivu yoyote.

Asubuhi iliyofuata alikuja jikoni, akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, mbona sikuoni pua?"

Mama alidhani ni mzaha. "Pua yangu imekwenda sokoni."

"Mama, kweli. Naona masikio. Naona kilemba. Katikati kuna doa."

Walimpeleka hospitali. Daktari wa macho alimkagua kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti akakaa karibu na wazazi.

"Jua limemuunguza ndani, nyuma ya jicho," alisema. "Macho yote mawili. Sina dawa ya kuondoa kidonda hiki, na miwani haisaidii. Huenda akapata nafuu miezi ikipita. Huenda doa likabaki. Sitawadanganya."

Miezi ikapita. Doa lilipungua kidogo, halafu likakataa kuondoka. Chiriku hakuweza kusoma kitabu. Kila neno alilolitazama lilimezwa. Aliacha kwenda mlangoni pa karakana. Alikaa chumbani akiuelekea ukuta, na mdomo ule ukafumba. Fundi naye alianza kula peke yake karakanani. Nyumba ikawa kimya kama ya matanga, ila hakuna aliyekuja kuwapa pole.

Ndipo mwalimu mkuu alipomwita mama ofisini.

"Chuo cha ualimu kimeandaa kambi ya elimu ya anga kwa walimu," alisema. "Nimekuchagua wewe."

"Mkuu, habari za anga sitaki kuzisikia."

"Nalijua hilo. Lakini jua litapatwa tena, na watoto watatuuliza. Tutawajibu nini?"

Mama alikubali kwenda. Alipofunga mkoba wake, alitia ndani ile miwani. Hakumwambia mumewe.

Kambini walimu walilala kwenye vitanda vya wanafunzi, vya juu na chini. Mwalimu mmoja mzee wa hesabu alipewa kitanda cha juu, akasema bila kucheka kwamba sasa ameanza safari ya angani. Mchana walifanya kazi kwa mikono. Walishika mipira na taa, wakaona jinsi mwezi unavyokatiza mbele ya jua na kutupa kivuli chake duniani. Mama alifanya kila alichoambiwa, lakini moyo wake haukuwepo.

Siku ya somo la jua, mkufunzi aliwatoa uani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alishika lenzi juu ya karatasi nyeusi. Nuru ikakusanyika kuwa nukta ndogo. Moshi ukatoka. Karatasi ikatoboka.

"Jicho lina lenzi yake," alisema. "Ukilikodolea jua macho, lenzi hiyo inakusanya nuru nyuma ya jicho, mahali tunaposomea na kutambua sura za watu. Na mahali hapo hapasikii maumivu. Mtu anaungua huku anatabasamu. Jua likipatwa giza linaingia, macho yanatulia, mtu anazidi kutazama. Hapo ndipo watu wanapoumia."

Mama alitoa miwani mkobani.

"Na hii?"

Mkufunzi aliipokea, akaivaa. "Nakuona. Nauona ule mti, na nguo kwenye kamba." Akaivua, akampa mama miwani maalumu ya kutazamia jua. "Vaa hii. Unaniona?"

"Sioni kitu. Giza tupu."

"Ndivyo inavyotakiwa. Kwa miwani ya kweli huoni chochote isipokuwa jua lenyewe, na hilo linaonekana hafifu. Miwani inayokuonyesha sura ya mtu haifai kabisa kutazamia jua. Weusi unakudanganya. Unapunguza mwanga unaokufanya ufumbe macho, lakini jua bado linapenya kwa nguvu ya kuunguza. Kioo cha masizi, eksirei, miwani ya urembo, ni yale yale. Hata ile ya kweli ikiwa na mkwaruzo au tundu, itupe." Alimtazama mama. "Nani aliyeitumia?"

"Binti yangu."

Mkufunzi hakusema pole haraka haraka. Alimshika mkono, akamkalisha kivulini, akaenda kuchukua boksi, karatasi nyeupe, karatasi ya foili na pini.

"Njoo tutengeneze," alisema. "Kwa boksi hili hatulitazami jua. Tunaligeuzia mgongo, linajichora lenyewe ndani."

Aliporudi nyumbani, mama alikwenda moja kwa moja karakanani. Aliiweka miwani juu ya meza ya chuma.

"Ndiyo iliyomuumiza," alisema. "Kuwa nyeusi hakutoshi. Nimefundishwa, nimeona."

Fundi hakuinua kichwa. "Najua. Nilimvalisha kwa mikono yangu hii."

"Na mimi nilisema itafaa. Uliniuliza mimi, mwalimu wa sayansi."

Fundi alikaa chini, kwenye vumbi la chuma, akalia. Mama alikaa kando yake. Kisha akamwambia, "Shule nzima inahitaji maboksi. Peke yangu sitaweza, Baba Chiriku."

Wakaanza kazi. Boksi lilizibwa kila upande. Upande mmoja walikata dirisha dogo, wakabandika foili na kuitoboa kwa pini. Upande wa ndani unaoelekeana na tundu walibandika karatasi nyeupe. Kando ya tundu walikata nafasi ya kuchungulia. Mtoto angeligeuzia jua mgongo, nuru ingepita tunduni juu ya bega lake, naye angeitazama picha ya jua karatasini.

Mwalimu mkuu alitaka kuwafungia watoto madarasani jua litakapopatwa. "Watachungulia dirishani, Mkuu," mama alimjibu. "Afadhali tuwape cha kutazama."

Siku ilipofika, watoto walisimama uwanjani, migongo kwenye jua, macho kwenye nafasi za kuchungulia. Mama alipita mstari kwa mstari. "Usigeuke. Tundu ni la jua, si la jicho."

Chiriku hakuweza kutumia boksi. Picha ilikuwa ndogo, doa likaimeza. Basi mama alichukua kioo kidogo cha kujitazamia, akakifunika kwa karatasi yenye tundu dogo, akampa fundi, aliyekuja kusaidia, asimame nacho uani. "Mtu asikitazame kioo chenyewe," alionya. "Tutazame ukutani tu." Nuru ikaruka kutoka kiooni, ikapita mlangoni, ikatua kwenye ukuta wa mbali wa darasa lenye giza. Ikawa duara kubwa kama kisahani, na upande mmoja umemegwa.

Humo darasani Chiriku aligeuza uso pembeni kidogo, kama alivyojifunza kuona.

"Limeliwa huku chini," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti zaidi, "Baba, mkono wako unatetemeka. Jua linachezacheza."

Fundi aliushika mkono kwa mkono wa pili. Jua likatulia. Chiriku akaendelea kusema, na hakunyamaza mpaka duara likajaa tena.

Kesho yake mama aliwapima wanafunzi wote. Kila mmoja aliziba jicho moja, akasoma ubaoni, kisha akaziba la pili. Chiriku alikaa mbele na herufi kubwa alizoandikiwa na mama yake. Doa lake lilikuwa pale pale. Lingebaki.

Jioni fundi alikuwa akingoja langoni pa shule, na nguo za kazi mwilini.

"Wanaona?" aliuliza.

"Wanaona."

"Wote?"

"Wote wengine," mama alisema.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Akachukua mkoba wa binti yake, wakaenda nyumbani.